Kusindikiza Hadi Taa ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Mwanangu Brian alinishusha mlangoni kule Burnsville, huku Minnesota, Marekani, nyuma ya maduka makubwa, theluji ya kando ya barabara ikiwa imegeuka tope jeusi, nami nikaingia nimenyooka kama mwalimu, maana mwalimu ndiye niliyekuwa huko Nyamira hadi mwaka uliotangulia. Muuguzi Mkuu wa nyumba ile ya wazee alinitazama miguu kabla hajanitazama uso.

"Hivyo viatu vitakumaliza kabla ya chakula cha mchana," alisema. Akafungua kabati lake, akanipa raba zake za akiba. Zilikuwa kubwa, zikawa zinapiga kelele sakafuni kila nilipokanyaga, na wazee wakanicheka mchana kutwa.

Nawaandikia ninyi vijana wa kanisani kwetu mnaokimbilia mtihani wa usaidizi wa uuguzi mara tu mnapomaliza sekondari. Mliniomba nieleze kazi hii ilivyokuwa miaka yetu ile, ya elfu mbili na kumi na kuendelea. Nadhani mlitaka niwatie moyo. Kama ni hivyo mmekosea mtu, lakini kwa kuwa mmeniomba nitaeleza, na nitaeleza kama yalivyokuwa.

Muuguzi Mkuu wa Burnsville alinifundisha mambo ambayo mpaka leo mikono yangu inayafanya bila kuniuliza. Alinifundisha mkanda wa kutembezea, ule utepe mpana wa kitambaa unaomfunga mzee kiunoni juu ya nguo ili akiyumba umshike hapo, si kwenye mkono wala kwapani. Alinifundisha winchi ya kumwinulia mtu kitandani, ambayo haishikwi na mtu mmoja hata kama una haraka namna gani. Alinifundisha kumgeuza ubavu mtu asiyeweza kujigeuza, ili ngozi yake isichimbike vidonda. "Mwambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya," alikuwa akisema. "Hata kama hasikii. Hata kama amesahau jina lake." Alikuwa mkali, nami nilimpenda kwa sababu ukali wake ulikuwa na kazi ya kufanya.

Sitawadanganya kwamba niliipenda kazi yenyewe. Mtu uliyezoea watoto wasimame unapoingia darasani, kisha unapiga magoti kumvalisha mgeni soksi, moyo unauma. Niliuma meno. Wenzangu wengi walikuwa Wakenya kama mimi, wahasibu na makarani wa huko nyumbani, na tulikutana kwenye chumba cha kupumzikia tukila chapati baridi na kudanganyana kwamba ni kwa muda tu.

Kutoka Burnsville nilikwenda kwenye nyumba ndogo ya watu wanne wenye ulemavu, chini ya Meneja wa Nyumba ambaye sikuwahi kumwona akiketi. Halafu mratibu wa zamu, yaani yule anayepanga nani afanye kazi lini na wapi, kijana wa Kisii kama mimi, akanipigia simu.

"Mama Brian, nisaidie tafadhali," alisema. "Kuna mtu ame-quit huko Champlin. Ni evening shift, na ni karibu na kwa Brian. Nikuweke?"

"Kuna wazee wa aina gani?"

"Ni wale wa kusahau-sahau. Lakini ni watulivu, haki ya Mungu."

Hakuna mratibu wa zamu aliyewahi kusema ukweli kuhusu utulivu wa wazee. Nilikubali, na nikabaki huko mpaka nilipostaafu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa mbili, nyuma yake kuna maegesho ya magari, kisha miti, kisha Mto Mississippi. Korido ya ghorofa ya juu ilikuwa ndefu, yenye zulia la zamani na, mwishoni, taa mbili za ukutani za shaba. Bosi wangu hapo alikuwa Muuguzi wa Zamu, mama mzee wa papo hapo Minnesota, mwenye kutafuna peremende za mnanaa na kuongea kama anayelipia maneno. Siku ya kwanza alinionyesha chumba kimoja kimoja bila kusema zaidi ya majina. Tulipofika chumba cha mwisho akasimama.

"Huyu ni Edith," alisema. "Saa kumi jioni utamfahamu."

Katika kazi hii kuna kitu tunachokiita machweo. Jua linapoanza kushuka, wazee waliopoteza kumbukumbu huingiwa na wasiwasi. Anayependa kukaa anasimama, anayenyamaza analia, na karibu wote wanataka kwenda nyumbani. Mafunzo yanasema usimbishie mzee, mgeuze mawazo: mpe juisi, mfungulie televisheni, mwombe akusaidie kukunja taulo. Ni ushauri mzuri, na kwa Bi Edith haukufaa kitu. Saa kumi jioni alikuwa mlangoni kwake, amevaa koti juu ya sweta, mkoba mkononi, anasema mama yake anamngoja. Mwenzangu alikuwa amekwisha jaribu biskuti, akapigwa begani kwa mkoba.

Nilikuwa nimechoka, na mtu mzima alikuwa ameniambia anakwenda kwao. Kwetu mtu akisema anakwenda, humwonyeshi televisheni. Unainuka. Unajitupia leso mabegani, unatoka naye, mnaongea yale mliyosahau kuyaongea ndani, mpaka pale mahali penu pa kuachana. Nyumbani kwetu palikuwa kwenye kijito, penye gogo la kuvukia. Mama yangu hakuwahi kumuaga mgeni mlangoni. Alisema huko ni kumfukuza kwa adabu.

"Ngoja nikusindikize," nilimwambia Bi Edith.

Alinitazama kwa makini, kama anayekumbuka kwamba kumbe kuna watu wenye malezi duniani. Akanishika mkono, tukatoka.

Chumba cha kufulia kilikuwa upande wa kushoto, mlango wake wa moto, mashine zinanguruma ndani. Alisimama, akaweka kiganja juu ya mlango. "Bado wanafuma," alisema. Mbele kidogo palikuwa na tangi la samaki, maji ya kijani hafifu, na hapo akanivuta nipite upande wa ndani, nisije nikateleza nikaanguka mferejini. Kwenye meza ya wauguzi aliangalia saa ya ukutani akaguna. Sebule ya juani ilikuwa na madirisha marefu yenye vichwa vya mviringo. Akahesabu kwa kidole, akasema treni imechelewa leo. Mwisho wa korido zilikuwapo zile taa mbili za shaba, moja baada ya nyingine. Tulipita ya kwanza. Kwenye ya pili akasimama, akaachia mkono wangu.

"Haya, kipenzi, hapa nakuachia," alisema. "Nenda salama. Msalimie mama yako."

Akageuka, akarudi chumbani mwenyewe taratibu, akavua koti, akaketi. Mimi nikabaki chini ya taa. Nilitoka nikimsindikiza mgeni, na njiani mgeni alikuwa amekuwa mwenyeji, mimi ndiye ninayeondoka. Na mwenyeji akishamsindikiza mgeni wake, kazi yake imekwisha, anarudi kwake na moyo umetulia.

Muuguzi wa Zamu alikuwa ameona yote. "Umempa nini?"

"Sijampa kitu. Nimemsindikiza."

Akatafuna peremende yake. "Kesho msindikize tena," alisema, na hiyo ndiyo ruhusa pekee niliyowahi kupewa.

Basi nilimsindikiza kila nilipokuwa zamu, miaka na miaka, kiangazi na theluji. Ndivyo nilivyokuja kuujua mji wa kaskazini mwa Uingereza ambao sijaukanyaga wala sitaukanyaga. Unaitwa Brackenshaw. Uko bondeni, mvua hainyeshi bali inakaa tu hewani, na mawe ya nyumba ni meusi kwa moshi. Palikuwa na kiwanda cha pamba chenye dohani, lile bomba refu la moshi, ambalo mtoto aliyepotea mlimani aliambiwa alitafute kwa macho kisha atembee kulifuata. Palikuwa na mfereji wa mashua za makaa ya mawe. Palikuwa na daraja la reli la matao, lililopita juu ya mapaa ya nyumba hivi kwamba treni ikipita vikombe vinalia kabatini. Saa ya ukumbi wa mji ilikuwa na nyuso tatu tu. Upande unaotazama mlimani palikuwa patupu, kwa sababu watu wa mlimani walikataa kuchanga. Bi Edith alikuwa mtu wa mlimani, na hilo lilimuuma hata baada ya kusahau jina la mume wake.

Kabla ya kuolewa alikuwa mfumaji. Mitambo ya kufumia ilipiga kelele kiasi kwamba wanawake hawakusikiana, hivyo walijifunza kusemezana kwa midomo bila sauti, wakiikunjua midomo sana ili mwenzako asome maneno. Kwa namna hiyo walisengenyana mbele ya msimamizi na asijue. Alinifundisha. Tukawa tunawasema wauguzi kwa midomo kwenye meza ya chakula, mimi mama mzima na nguo zangu za kazi, tukicheka kimya kimya. Vita ya Pili ya Dunia ilipokwisha aliolewa na askari wa Kimarekani akaletwa huku. Kuhusu huku hakuwa na la kusema. Alikaa Minnesota maisha yote, na hakuna hata mtaa mmoja wa hapa uliosalia kichwani mwake.

Niliwahi kumuuliza ni nani aliyemfundisha habari ya taa ya pili.

"Mama," alisema. "Mgeni unamfikisha taa ya pili, kisha unasimama mpaka akate kona ya kanisa. Ukirudi kabla hajakata kona, ataona mgongo wako. Ni aibu."

Nilifurahi siku hiyo kuliko nilivyofurahi tangu nishuke ndege. Nilikuwa nimeishi katika nchi hii nikidhani adabu ile niliiacha ng'ambo, kumbe imo kwenye kichwa cha bibi wa Kiingereza asiyejua ni mwaka gani.

Mwanawe, Alan, mzee mwenyewe sasa, mwalimu mstaafu, alikuwa akija kila Jumapili kutoka Burnsville. Alikuwa mpole, mwenye kuomba radhi kwa kila kitu. Siku moja tulisimama naye dirishani mama yake akisinzia, nikamwambia kwamba nikipata likizo ningependa kuiona ile saa yenye nyuso tatu.

"Haipo," alisema. "Nilikwenda. Ukumbi ulivunjwa, pamewekwa maegesho ya magari. Kiwanda kimebomolewa. Dohani waliiangusha kwa baruti, watu wakatoka na viti kutazama. Mtaa wa mama wote umesafishwa." Akamgeukia mama yake aliyesinzia. "Sikumwambia. Ningemwambia nini? Nadhani mahali pekee mji ule ulipobaki ni humu koridoni kwenu."

Nataka mlielewe hilo, kwa maana ndilo jambo lote ninalowaandikia. Si kwamba mama huyu alikuwa akiota. Mji wake ulikuwa umebaki na mahali pamoja pa kusimama, na mahali penyewe palikuwa Champlin, kati ya chumba cha kufulia na taa ya pili. Na aliyeujua kiasi cha kumtembeza ndani yake nilikuwa mimi.

Muuguzi wa Zamu alistaafu, akapewa keki. Akaja Mkurugenzi mpya, kijana wa suti ya kubana na tabasamu la kweli, na nasema la kweli kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kama lingekuwa la uongo. Alijali wazee. Alijenga upande mpya ghorofa ya chini, wenye mlango wa kufunguliwa kwa namba, kwa ajili ya wanaotembea-tembea. Korido yake ilikuwa duara. Hapakuwa na mwisho, hapakuwa na mlango wa kugonga, mzee akianza kutembea anarudi alipoanzia bila kujua. Alitutembeza humo akieleza kama mtu anayeonyesha nyumba yake ya kwanza. Halafu akataja watakaohamia, na Bi Edith alikuwemo, kwa sababu kamera zilimwonyesha kila siku akielekea upande wa ngazi za dharura.

Nilimfuata ofisini. Mimi si mtu wa kufuata watu ofisini.

"Hajaribu kutoroka," nilisema. "Anamsindikiza mgeni. Akifika taa ya pili anarudi mwenyewe. Mwulizeni yeyote."

"Na siku wewe haupo?"

"Nimewafundisha wenzangu."

"Nakuamini," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Lakini pale juu kuna ngazi. Kule chini anaweza kutembea anavyotaka, hakuna wa kumzuia."

"Atafika wapi?"

"Hatafika popote. Hiyo ndiyo faida yake."

Alan alitia sahihi, na simlaumu. Mtu aliyeambiwa neno ngazi na neno mama kwa pamoja angefanya nini? Nikaomba nihamishwe naye. Mratibu wa zamu akaniambia, "Mama Brian, huko chini kumejaa, na juu tuko short. Nita-try, lakini usiniwekee matumaini." Alijaribu kweli. Haikuwezekana.

Huko chini alikuwako Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Uvira, ambaye alikaa kambi ya wakimbizi na watoto wake kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kufikiria, na ambaye hakuwahi kunyanyua sauti kwa mzee. Tulikutana naye wakati wa mapumziko. Uso wake ulikuwa umenywea.

"Dada, ule mubibi yako anazunguka," aliniambia. "Anazunguka tu, kuanza ile saa ya kumi mpaka miguu inavimba. Ninamuambia, mama, pumuzika. Anasema hapana, hatujafika kwa taa. Taa gani, mon Dieu? Kule taa zote ziko ndani ya plafond."

Ilikuwa kweli. Taa za upande mpya zilifichwa darini, mwanga unashuka sawasawa kila mahali, huwezi kusema hapa ni taa na pale si taa. Bi Edith alikuwa ametoka na mgeni wake, na mahali pa kumwachia hapakuwepo, na mwenyeji mwenye malezi hawezi kumwacha mgeni katikati ya njia. Kwa hiyo hakuacha. Nilimweleza Mama Furaha yote: kiwanda, mfereji, saa, matao, mgeni. Alisikiliza, kisha akafunika mdomo kwa mkono. "Kumbe mubibi iko na heshima vile," alisema. "Na siye tunamufanya azunguke kama punda ya kusaga."

Nilinunua taa mbili za mezani zenye miguu ya shaba. Mama Furaha akaziweka kwenye vimeza viwili vya maua pale kwenye duara, moja halafu nyingine. Siku ya kwanza tulipoziwasha niliutoa muda wangu wote wa chakula nikateremka. Bi Edith alikuja akitembea, amekonda, mkoba unaburuzika, akanishika mkono. Alipita taa ya kwanza. Kwenye ya pili alisimama. Akaitazama muda mrefu. Akaniachia mkono, akasema maneno yake yote mpaka kwenye salamu za mama, akageuka. Mama Furaha alilia waziwazi. Mimi nilirudi juu nikipanda ngazi mbili mbili, mwanamke wa umri wangu.

Taa zile hazikukaa. Afisa wa Usalama alipita, akaziona nyaya zake sakafuni, na kwa kweli waya sakafuni mahali penye wazee ni hatari. Hata mimi ningemfokea mtu mwingine. Ziliondolewa. Tukaomba zifungwe ukutani, na Mkurugenzi akasema ni wazo zuri, litaingizwa kwenye matengenezo ya awamu inayofuata. Kila mara alikubali. Sijui mnalijua hilo, kukubaliwa kila mara na hakuna kinachotokea. Nilikuwa natoka ofisini kwake nimeshukuru.

Bi Edith aliendelea kuzunguka. Sasa alikuwa akisimama pale kimeza kilipokuwa, anapapasa ukuta, halafu anaendelea. Siku niliyoweza kushuka aliniona akanijua kwa namna yake, akanishika mkono. "Wameubomoa," aliniambia. Alan hakuwahi kumwambia. Hakuna aliyemwambia. Vitabu vyote vya kumgeuza mzee mawazo havikunisaidia. Nilimwambia, "Ndiyo, mama. Pole." Tukazunguka naye hadi muda wangu ulipokwisha, na nikamwacha katikati ya njia, kwa sababu hapakuwa na kwingine pa kumwachia. Aliuona mgongo wangu.

Miguu ilipomshinda wakamlaza. Aliacha kutoa sauti. Wauguzi waliandika kwamba hawasiliani tena, lakini midomo ilikuwa ikienda, nami nilikuwa nayasoma maneno. Alikuwa akisema na wenzake wa kiwandani, mengine ya kusengenya, siwezi kuyaandika hapa. Nilimjibu kwa midomo. Mara nyingine aliuliza kama mgeni amefika. Nikasema amefika. Sikuwa na uhakika kwamba aliniamini.

Alifariki asubuhi, mimi sikuwa zamu. Mama Furaha alinipigia simu. "Ameenda, dada. Nilikuwa naye. Alipeleka midomo yake hivi na hivi, alafu basi. Mimi sijue kusoma, ungekuwa wewe ungejua." Nimeifikiria midomo ile kila siku tangu hapo. Sitajua ilisema nini, na hakuna popote pa kwenda kuuliza.

Mazishi yalikuwa Burnsville, mafupi, ya heshima. Gari la maiti lilipoanza kuondoka, watu wakaenda kwenye magari yao kwa sababu ya baridi. Mimi nikatembea nyuma yake. Sikupanga. Nilitembea kwa viatu vyangu vya kanisani juu ya barafu mpaka kwenye nguzo ya taa ya kwanza ya maegesho, kisha ya pili, nikasimama hapo mpaka lilipokata kona. Alan alikuwa akinitazama kutoka mbali. Hakuja, na sikumngoja.

Mwaka uliofuata ghorofa ya juu nayo ilitengenezwa. Zulia likang'olewa, tangi la samaki likaondolewa, na taa za shaba zikatolewa ukutani zikawekwa za kufichwa darini. Nilikuwa zamu siku ile. Fundi alizibeba zote mbili chini ya kwapa moja.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye, na mimi nikapewa keki. Mkurugenzi alisema nimegusa maisha ya wengi. Mratibu wa zamu akasema, "Mama Brian, tuta-miss wewe sana, aki." Kengele ya mzee fulani ikalia, wote wakakimbia kazini, kama inavyopasa. Mlango wa mbele ulijifungua wenyewe nikatoka.

Mnataka kujua kazi hii imenipa nini. Imenipa mgongo mbovu na mji wa watu. Nikifumba macho naweza kutembea Brackenshaw nzima bila kukosea njia. Nyumbani kwetu Nyamira, dada yangu ananiambia kwa simu kwamba lile gogo la kijitoni halipo, pamewekwa kalavati na barabara, na kituo cha kununulia majani chai kimehamishwa, na mikaratusi ya shule imekatwa yote. Siku moja nitakuwa chumba cha mwisho mimi pia, saa kumi jioni, na koti langu. Nitataka kwenda kijitoni. Msaidizi wa zamu atakuwa mtoto mwema, labda mmoja wenu, na ataniletea biskuti.

Nimewaeleza wanangu hayo yote. Jumapili iliyopita nilikuwa kwa Brian hapa Champlin, nimekula, nimewaombea wajukuu, nikasema naondoka. Wajukuu wakasema, "Bye, Grandma," macho yakiwa kwenye simu zao. Brian alikuwa amejilaza kwenye kochi baada ya zamu ndefu ya hospitali. Akanyoosha mkono akachukua ufunguo wangu wa gari mezani, akabonyeza, na nje gari langu likanguruma.

"Nimekuwashia, Mom, ili upate joto," alisema. "Drive safe."

"Hunisindikizi?"

Alinitazama kwa mshangao, mtoto wangu mzuri. "Kwani si gari liko hapo tu mlangoni?"

Nilichukua ufunguo nikatoka. Gari lilikuwa limepata joto kweli, viti vyote. Nilirudi nyuma hadi barabarani, nikapita taa ya kwanza ya mtaa wao, na kwenye ya pili nikasimama. Kwenye kioo niliuona mlango wa gereji ukishuka taratibu mpaka ukagusa chini.

"Haya, hapa nakuachia," nilisema kwa sauti. Hakukuwa na mwenyeji wa kugeuka arudi nyumbani.